Kiangazi cha Riwaya, Rangi na Matembezi: Mwongozo Kamili wa Likizo ya Desemba Mombasa

Kila shule zinapofunga nasikia mipango ile ile. Mwaka huu tutasoma riwaya nzima. Mwaka huu watoto watachora. Mwaka huu tutatoka, hatutashinda ndani na runinga. Ikifika Januari, riwaya imekunjwa ukurasa wa ishirini na kitu, kisanduku cha rangi kimeota ukungu, na matembezi yaliyofanyika ni ya siku moja tu, nayo yaliishia kwa watu kununiana ndani ya matatu.

Sidhani ni uvivu. Wengi wanapanga siku kwa saa ya ukutani, hali siku ya Mombasa inapangwa na jua na maji. Anayekaa nje kuchora saa 6 mchana atashindwa hata awe fundi. Anayewapeleka watoto ufuoni bila kuuliza maji yako wapi atarudi na vilio. Mwongozo huu ni wa wiki nne za Desemba, wakati upepo wa kaskazi umeshaingia na joto limepamba moto. Wa likizo ya Agosti nimewawekea maneno yao mwishoni.

## Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa kusoma

- Riwaya moja ya kurasa 200 au pungufu. Moja tu. Ukinunua tatu, kila mtu atashika yake, na hakuna itakayokwisha.
- Mkeka, mito, na feni ikiwa stima ipo.
- Sinia la kuwekea simu, na kabati refu la kuliweka juu yake. Utaona kwa nini.

Kwa kuchora

- Kisanduku cha rangi za maji, zile za vidonge. Rangi 12 zinatosha na kubaki.
- Karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Karatasi ya fotokopi ni ya gramu 80. Ukiitia maji inajikunja kama papadi, kisha mtoto anaambiwa hajui kuchora. Kama fedha ni kidogo, nunua rangi rahisi na karatasi nzuri, usifanye kinyume. Karatasi moja kubwa ukiikata vipande vinne, umepata picha nne.
- Brashi mbili kwa kila mchoraji: moja nono yenye ncha, moja nyembamba.
- Ubao mwepesi au kadibodi ngumu, na ile tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi.
- Makopo mawili ya maji, sahani nyeupe ya kuchanganyia, penseli ya 2B, leso kuukuu ya kufutia, chumvi ya mawe kidogo.

Kwa kutembea

- Kofia, maji ya kunywa, leso mbili za kukalia, viatu vya raba vinavyofungwa mguuni (ndara zitachukuliwa na mawimbi), na nauli ya fedha ndogo ndogo.
- Kalenda ya ukutani inayoonyesha mwezi mwandamo. Hii iandike juu kabisa ya orodha yako, kwa sababu ndiyo tunayoanza nayo.

## Hatua ya 1: Jua maji yako wapi

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa takriban dakika 50. Ndiyo maana ufuo uliokuwa mpana na mkavu Jumamosi iliyopita saa 10 jioni, Jumamosi hii saa ile ile maji yanagonga kuta.

Huhitaji kuwa mvuvi. Shika mambo mawili.

Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, ni bamvua. Maji hupwa sana mchana, kati ya saa 4 na saa 6, kisha hujaa sana jioni, kati ya saa 10 na saa 12. Tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3.

Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, na kupwa kwake huangukia alasiri.

Chukua kalamu. Siku za bamvua zitie duara: hizo ni siku za kutembea miambani asubuhi. Siku za maji mafu zitie msalaba: hizo ni siku za kucheza mchangani jioni, jua likiwa limelegea. Kabla ya kutoka, hakikisha saa kamili kwenye ratiba ya maji ya simu, au muulize yeyote mwenye ngalawa.

Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Nilichukua watu kumi na mmoja, sufuria la pilau na ndoo ya juisi ya ukwaju, tukashuka ufuoni saa 10 na nusu jioni siku ya mwezi mpevu. Hapakuwa na mchanga wa kukaa hata paka. Tulikula tumesimama kwenye kichochoro cha kuingilia, sufuria juu ya tofali, na khalati yao watoto akiitazama bahari kana kwamba imemvunjia adabu.

Hatua hii imekamilika ukiweza kuitazama kalenda yako na kumjibu mtoto, bila kufungua simu, kama kesho alasiri kutakuwa na mchanga au la.

## Hatua ya 2: Igawe siku mara tatu

Saa 12 hadi saa 4 asubuhi: kuchora, au kutoka.

Saa 6 hadi saa 9 mchana: kusoma.

Saa 10 jioni hadi magharibi: kutoka, au kuchora tena.

Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Kuanzia saa 5 jua linapanda juu, vivuli vinakimbilia chini ya miguu, na kila kitu kinakuwa bapa: ukuta mweupe, bahari nyeupe, macho yanauma. Mchoraji hana cha kuchora na mtembezi hana pa kujificha. Lakini saa hizo hizo nyumba iko kimya, watu wameshakula, na hakuna mwenye hamu ya kuinuka. Kumbe ndizo saa za riwaya, na sisi huzipoteza kwa kulalamikia joto.

Saa 4 hadi 6 ziache. Kuna sokoni, kuna jikoni, kuna nguo za kufua. Anayepanga likizo kana kwamba nyumba haina kazi anamtwika mama wa nyumba mzigo wote, na mpango wa namna hiyo hufa siku ya nne.

Tahadhari: usijaze sehemu zote tatu kila siku. Kusoma kuwe kwa kila siku. Kuchora mara tatu kwa wiki. Kutoka mara mbili karibu, mara moja mbali. Siku zilizobaki watoto wachoke na kuchoka kwao. Mtoto asiyewahi kukosa cha kufanya hashiki kitabu.

## Hatua ya 3: Soma kwa sauti, kwa zamu, riwaya moja

Wengi hugawa vitabu na kusema, kila mtu asome chake. Baada ya siku tatu mkubwa anasoma, wa kati anajifanya, mdogo analia. Mkisoma kimoja kwa sauti, wote wako ukurasa mmoja na wote wanataka kujua yule bwana kwenye hadithi atarudi au hatarudi.

1. Baada ya chakula na sala ya adhuhuri, tandika mkeka palipo na upepo. Nyumba ya zamani yenye kuta nene, chumba cha chini ndicho kizuri. Kwenye fleti, upande usiopigwa na jua la mchana.

2. Simu zote kwenye sinia, sinia juu ya kabati. Zote, pamoja na ya baba. Simu ya mkubwa ikibaki mkononi, mtoto hasikii tena riwaya, anasikiliza ule mlio.

3. Msomaji wa kwanza awe yule mwenye sauti nzuri, asome kurasa tano. Kisha zamu. Anayejikwaa asisahihishwe kila neno. Mwache afike mwisho wa sentensi.

4. Kurasa 15 kwa siku. Kwa sauti, hizo ni kama dakika 45. Riwaya ya kurasa 200 inakwisha kwa wiki mbili, na bado una wiki mbili za riwaya ya pili au za kulala.

5. Acheni pabaya, palipo na mlango unaogongwa. Msimalize sura kwa ajili ya unadhifu tu. Sura ikikwisha mtoto hurudi kwenye michezo yake na kuwasahau wahusika; ikikatwa katikati atamfuata dada yake jikoni kumuuliza, wewe waonaje, ni nani pale mlangoni?

Wazee waliomo ndani wakae nanyi hata wakisinzia. Bibi yao hapa kwetu hufumba macho tangu ukurasa wa pili, lakini ruka aya moja uone. "Hapo pana kitu umekiacha."

Kuhusu kuchagua riwaya: Kiswahili kiwe kile mnachokielewa bila kamusi kila mstari. Pata iliyo na mazungumzo mengi, kwa sababu mazungumzo husomeka vizuri kwa zamu, mtu na sauti yake. Maktaba ya taifa ina tawi hapa Mombasa. Ulizia uanachama wa watoto kabla ya kukimbilia dukani. Na wauzaji wa vitabu vya mitumba usiwapite bila kuinama, maana vilivyo vizuri hukaa chini ya rundo.

Tahadhari ya unyevu: kitabu kisilale chini ya dirisha lililo wazi usiku, wala kisifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Kurasa zitavuta maji ya hewani, zitavimba, kisha zitatoka vidoa vya hudhurungi. Kisimamishe rafuni, pawe na nafasi ya kupita hewa kati yake na ukuta.

Utajua imeshika siku utakayochelewa kutandika mkeka, ukakuta umetandikwa.

## Hatua ya 4: Wiki ya kwanza, chora nyumbani

Usitoke na rangi wiki ya kwanza. Nje kuna upepo, kuna watu, kuna mchanga. Mtu asiyejua rangi yake inavyotembea juu ya karatasi ataona aibu mbele za watu na hatarudi tena. Kaa barazani au mezani, asubuhi, na ufanye mazoezi matatu tu.

Zoezi la kwanza: mbingu. Bandika karatasi kwenye ubao kwa tepu pande zote nne. Weka kitabu kimoja chini ya ubao upande wa juu, uiname kidogo. Koroga bluu nyingi kwenye sahani. Kwa brashi nono, piga mstari mmoja kutoka kushoto hadi kulia juu kabisa. Tazama chini ya mstari: ushanga wa maji umejikusanya pale. Mstari wa pili uguse ushanga huo, uuvute chini. Wa tatu hivyo hivyo, kila mara ukiongeza maji na kupunguza rangi. Ukifika chini, mbingu ni nzito juu na karibu nyeupe chini, kama ilivyo kweli juu ya bahari.

Ukishashuka usirudi juu. Hili nalirudia kwa watu wazima zaidi kuliko watoto. Ukigusa rangi iliyokauka nusu, maji mapya yanaisukuma pembeni na kuacha doa lenye kingo za mawimbi. Ukiona kosa, liache likauke. Mara nyingi hugeuka wingu.

Zoezi la pili: kivuli. Rangi nyeusi ya kisandukuni ifunike kwa tepu, usiitumie. Kivuli cha kuta zetu si cheusi. Changanya bluu na hudhurungi, upate kijivu. Ukizidisha bluu, ni kivuli cha asubuhi. Ukizidisha hudhurungi, ni cha jioni. Tengeneza vijivu sita tofauti, uviweke mstari mmoja. Mtoto wa miaka minane ataweza, na atashangaa kwamba rangi mbili zina watoto wengi hivyo.

Zoezi la tatu: kuacha. Rangi za maji hazina nyeupe ya maana. Nyeupe ni karatasi. Chora tanga la mashua kwa penseli, kisha paka bahari na mbingu kulizunguka bila kuligusa. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalofanya picha iwe picha.

Makopo mawili ya maji yana sababu: moja la kuoshea brashi, moja la kuchukulia maji safi. Anayetumia moja anachora kwa tope kuanzia dakika ya kumi.

Sasa ukungu. Mwaka mmoja nilifunga kisanduku kikiwa kimelowa, nikakiweka kabatini siku nane. Nilipokifungua, vidonge vyote vilikuwa vimeota manyoya ya kijani, na kinanuka kama mkoba wa shule uliosahauliwa na chakula ndani. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na kisanduku kilichofungwa kibichi ni shamba la ukungu. Baada ya kuchora, futa maji kwa leso, acha kisanduku wazi chini ya feni mpaka vidonge viwe vikavu ukigusa, ndipo ufunge. Brashi zilazwe zikauke. Ukizisimamisha kwenye kopo zimelowa, maji yanashuka kwenye mpini na nywele zinang'oka.

Uko tayari kutoka ukiweza kufanya mbingu moja bila kurudi juu. Moja inatosha.

## Hatua ya 5: Wiki ya pili, chora nje

Pa kuanzia ni Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari, asubuhi mapema. Iko wazi, ina mibuyu mikubwa, ina pa kukaa, na mlangobahari wa Kilindini uko mbele yako, meli zikipita karibu hadi mtoto anahesabu madirisha. Jioni pana watu tele na mihogo ya kukaanga. Asubuhi pana utulivu.

Usichore meli. Itapita kabla hujanoa penseli. Chora kisichohama: mbuyu, ng'ambo ya Likoni, mstari wa maji.

Fuata mpangilio huu:

1. Kaa kivulini, na karatasi nayo iwe kivulini. Karatasi iliyopigwa na jua inang'aa mno. Unazidisha rangi bila kujua, na ukiingia ndani picha imekuwa giza.

2. Dakika tano tazama tu. Kisha piga mstari wa maji kwa penseli, usiwe katikati ya karatasi. Ukiwa katikati, picha inakatika vipande viwili vinavyogombana.

3. Paka mbingu, kama ulivyofanya nyumbani. Subiri ikauke. Alfajiri kuna unyevu na kusubiri ni kurefu, inywe chai. Upepo ukianza kuvuma rangi inakauka upesi, basi koroga rangi nyingi zaidi kabla ya kuanza, usije ukaishiwa katikati ya mstari.

4. Paka bahari. Si bluu moja. Penye mchanga chini ni kijani kidogo, bluu na tone la njano. Mbele zaidi ni bluu nzito. Penye mwamba povu limepiga mstari mweupe: huo ni karatasi, usiuguse. Ukitaka maji yaliyotawanyika, nyunyiza chembe chache za chumvi rangi ikiwa bado mbichi, iache ikauke, kisha ifute kwa kidole. Watoto watataka kutia chumvi kila mahali. Waache kwa picha moja.

5. Mwisho, vivuli, kwa kile kijivu chako. Fanya haraka kwa sababu vinahama. Amua kivuli kilipo saa ile, ukiandike, usikifukuze.

Watu watakusimamia mgongoni, na mmoja atakuambia nduguye anachora kuliko wewe. Mpe karatasi.

Ukizoea hapo, nenda Mji wa Kale, kwenye milango ya nakshi na roshani za mbao. Milango hiyo ni ya nyumba za watu. Usiketi mbele ya mlango wa mtu ukaanza kupima kwa penseli. Toa salamu, omba ruhusa, sema unachora nini. Nami sijawahi kunyimwa, ila mara moja niliambiwa nisubiri ufagiliwe kwanza. Watu wenyewe usiwachore bila idhini.

Picha iliyofaulu si lazima ifanane. Ining'inize, rudi nyuma hatua tatu. Ukiweza kusema ilikuwa saa ngapi pale, umeshapata.

## Hatua ya 6: Matembezi matatu, kwa ukubwa tofauti

Ya karibu. Jioni, Mama Ngina tena, mara hii bila rangi. Mihogo yenye pilipili na ndimu, viazi karai, mabuyu mfukoni. Nauli ni ndogo na hakuna maandalizi. Haya ndiyo yanayookoa wiki mbaya, kwa hiyo usiyadharau kwa kuwa hayana kiingilio.

Ya katikati. Ngome ya Yesu, asubuhi inapofunguliwa, kabla mawe hayajashika moto. Watoto wengi huichoka baada ya dakika ishirini kwa sababu wanaburutwa kutoka kibao hadi kibao. Wape kazi ya kutafuta. Mmoja atafute mizinga na kuihesabu. Mmoja atafute vitu vilivyotolewa baharini kwenye Santo António de Tanná, jahazi la vita la Wareno lililozama mbele ya ngome mwaka 1697. Mdogo atafute mahali ukuta unapoonyesha tumbawe lenyewe, maana ngome ile, iliyoanza kujengwa 1593, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mkitoka, teremkeni na vichochoro vya Mji wa Kale upande wenye kivuli, mpate madafu.

Ya mbali. Chagua moja kwa wiki, usichanganye mbili.

Haller Park, Bamburi, inafaa hata siku ambayo maji hayafai, kwa sababu msitu una kivuli. Pale palikuwa machimbo matupu ya kiwanda cha saruji. Upandaji ulianza 1971 kwa mivinje, na majongoo wakaletwa kuvunja majani yake magumu mpaka yakawa udongo. Waeleze watoto hilo mlangoni, na utashangaa: watapita twiga wakiwa wameinamia chini kutafuta jongoo. Waambie pia kuhusu Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Desemba 2004 baada ya tsunami, akaletwa pale na kujishikiza kwa kobe mkubwa aliyeitwa Mzee.

Siku ya bamvua, nendeni miambani. Fikeni maji yakiwa bado yanatoka, kama saa moja na nusu kabla hayajapwa kabisa, na mgeuke mara tu yanapoanza kurudi. Maji hurudi kwa kujaza mikondo ya nyuma yenu kwanza, na aliyeko mbali anajikuta kwenye kisiwa. Viatu vya raba kwa kila mtu, kuna wanyama wa bahari wa miiba mirefu myeusi kwenye mashimo. Mtaona viti vya pweza (wale wanyama wenye umbo la nyota), jongoo bahari, kaa. Tazameni, msichukue, sehemu kubwa ya ufuo kati ya Tudor na Mtwapa ni hifadhi ya bahari, na simbi mzuri mara nyingi ana mwenyewe ndani.

Kuoga baharini: mtu mzima mmoja awe ndani ya maji, au ukingoni amesimama, bila simu, bila mazungumzo. Hiyo ndiyo kazi yake kwa nusu saa, kisha apokewe na mwingine. Kuketi mchangani na "kuwatupia jicho" si kulinda. Na siku kuu, tarehe 26 Desemba na mwaka mpya hasa, ufuo wa umma wa Bamburi hufurika watu hadi mtoto hupotea ukiwa umemshika. Nendeni siku nyingine.

Ukivuka Likoni, waendao kwa miguu hawalipi. Vukeni mapema, na kubalianeni kabla ya kuingia: tukiachana, tunakutana wapi ng'ambo.

Kipimo cha matembezi ni kimoja. Rudini mkiwa bado mna nguvu ya kuoga na kula mezani. Mkirudi watu wamebebwa, mlikaa saa moja zaidi ya iliyofaa.

## Hatua ya 7: Kamba ya picha

Funga kamba sebuleni, vibanio vya nguo, picha zote juu, mbovu na nzuri, na chini ya kila moja tarehe na mahali kwa penseli. Usiibandike ukutani kwa gundi. Ukuta wa hapa hutoa unyevu na karatasi itashika madoa.

## Mahali watu wanapokwama

Stima imepotea saa 7 mchana. Hamishia mkeka barazani au kwenye ngazi za fleti, penye upepo. Punguza kurasa ziwe nane. Usiruke siku, siku moja ikirukwa, ya pili huruka yenyewe.

Wageni wamekuja kutoka bara. Waingize kwenye zamu ya kusoma siku ile ile. Mgeni anayeanzia ukurasa wa 90 anahitaji kusimuliwa yaliyopita, na mtoto anayesimulia anakumbuka hadithi kuliko aliyeisoma mara mbili.

Kijana wa miaka kumi na mitano hataki chochote. Mpe kalenda ya maji, awe yeye wa kuamua twende lini. Akikosea, msimcheke mpaka mfike nyumbani.

Karatasi zimekwisha. Geuza mbovu, chora nyuma.

Ni Agosti, si Desemba. Kusi inavuma, joto limepungua, na unaweza kuchora hadi saa 5 ukiwa na mawe manne ya kukandamizia karatasi. Ila bahari ni kali na mwani hujaa ufuoni, kwa hiyo badilisha siku mbili za kuoga ziwe za Haller Park na Mji wa Kale. Duara na misalaba ya kalenda ibaki vile vile. Mwezi haujui kama shule zimefunga.